Askari akikutana na mgonjwa wa akili: namna ya kuendesha mafunzo yenye maana

Zoezi la kwanza kabisa nililowahi kusimamia lilikuwa hivi: mwigizaji amekaa kwenye kona ya chumba, kaziba masikio kwa mikono, anatingisha kichwa na kuongea peke yake, wanaingia askari wanne, vijana wazuri tu, nadhifu, wote wana uzoefu wa doria. Wa kwanza anasema toa mikono tuione. Wa pili anasema simama. Wa tatu anasema kaa hapohapo usisogee. Wa nne yuko kwenye redio anaita gari. Dakika moja haijaisha mwigizaji yuko chini na pingu mkononi. Tukamuuliza baadaye, ndugu, pale uliambiwa nini? Akasema sijui bwana, nilisikia kelele tu. Na huyu ni mzima, anajua kabisa ni mchezo, hana sauti yoyote kichwani. Sasa mwenye nazo je?

Kwahiyo kama umepewa kazi ya kupanga mafunzo ya namna hii, au wewe ni mkuu wa kituo unataka vijana wako waive, jua kwamba unachofundisha hasa ni kuacha haraka. Mambo ya dalili, majina ya magonjwa, vifungu vya sheria, yote yana nafasi yake lakini ni nafasi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Askari kafundishwa tangu chuoni kwamba akifika eneo la tukio alidhibiti upesi, sauti juu, amri fupi, asiyetii ni mkaidi na mkaidi anashughulikiwa. Kwa mwizi aliyekurupushwa mbinu hiyo inaenda. Kwa mtu ambaye tayari anaogopa kwamba dunia nzima inamwinda, ukija unafoka ndo unamthibitishia.

Usianze na darasa, anza na hospitali

Hili watu wengi wanalikosea. Wanakodi ukumbi, wanaita daktari mmoja, wanapiga picha na vyeti, baada ya wiki mbili askari anamtuliza mtu vizuri kabisa kama alivyofundishwa, anamfikisha hospitali, halafu anaambiwa subiri. Anasubiri saa nne, tano, mgonjwa kaanza kuchachamaa tena, redio inamwita kwingine, mwisho nesi anamwambia huyu sio wetu mpeleke kule. Unadhani siku nyingine atafanya nini? Atampeleka selo, au atajifanya hajaona kitu apite zake.

Kwahiyo kabla ya somo lolote nenda kaonane na watu wa hospitali, mkae, mkubaliane vitu vya kawaida kabisa: mlango gani askari anaingilia na mgonjwa, nani anampokea usiku, karatasi gani inasainiwa, na baada ya dakika ngapi askari yuko huru kuondoka. Muulizane pia nani anashughulika na mtu aliyelewa na pia anaumwa, maana hapo ndipo watu wanaporushiana mpira. Mkishakubaliana andikeni ukurasa mmoja, sio kumi.

Mfano unaotajwa sana duniani ni ule wa Memphis, Tennessee, kule Marekani. Mwezi wa 9 mwaka 1987 familia moja iliita msaada, kijana wao Joseph DeWayne Robinson wa miaka 27 alikuwa anajikata kwa kisu, polisi wakaja na wakampiga risasi akafa. Watu walikasirika sana, na 1988 jiji likaanzisha kikosi kilichopewa mafunzo maalumu, wakishirikiana na familia za wagonjwa na vyuo vikuu vya pale. Watu wakiutaja mfano huo wanakumbuka masaa 40 ya mafunzo tu. Wanasahau kwamba nusu ya mpango ilikuwa hospitali iliyokubali kumpokea mtu haraka bila kumzungusha askari. Ukichukua yale masaa 40 ukaacha hospitali umechukua ganda la yai.

Na mjue sheria yenu inasemaje kabla hamjaingia darasani. Uingereza kwa mfano kifungu cha 136 cha sheria yao ya afya ya akili ya 1983 kinampa polisi mamlaka ya kumtoa mtu hadharani na kumpeleka mahali salama, na tangu mwisho wa 2017 muda wa kawaida wa kumshikilia umeshushwa kutoka saa 72 hadi 24, na mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kuwekwa kituo cha polisi kwa kifungu hicho. Kwenu inaweza kuwa tofauti kabisa. Tafuta mtu wa sheria aje aeleze kwa nusu saa, kwa lugha ya kawaida: lini naweza kumchukua mtu asiyetaka, lini siwezi, na nikimchukua namkabidhi nani. Nusu saa inatosha, zaidi ya hapo watu wanasinzia.

Nani afundishwe

Somo la msingi la siku moja au mbili, kila mtu apate. Lakini yale ya ndani, ya wiki nzima, wape wanaotaka wenyewe. Memphis walifanya hivyo, askari alijitolea na akachujwa, na lengo lilikuwa kupata wa kutosha ili kila zamu iwe na watu kadhaa wenye ujuzi huo. Kuna watu hawana subira ya kuzaliwa nayo na ukiwalazimisha watakaa nyuma wanachezea simu. Tena askari mzuri kwenye hii kazi mara nyingi sio yule unayemdhania. Mimi nimeona mzee mmoja wa doria, mpole, anaongea taratibu mpaka unachoka kumsubiri, wenzake wakimtania kila siku, kwenye igizo ndiye aliyekuwa bora kuliko wote.

Usiwasahau wanaopokea simu. Hao ndo wanaoamua askari atafika na picha gani kichwani. Simu ikipokelewa "kuna chizi ana kisu" gari linaondoka limeshapandwa na presha. Wafundishe kuuliza: unamfahamu? anaitwa nani na anapenda kuitwaje? ana dawa anazotumia, ameziacha? hicho kisu ameshika au kiko jikoni tu? kuna mtu yuko naye ndani, mtoto yupo? nini huwa kinamtuliza, nini huwa kinamchokoza? Majibu yote yaingie redioni kabla gari halijafika. Na walinzi wa selo nao wawepo, maana mtu anaweza kuletwa kwa kosa la kawaida halafu akazidiwa usiku mkiwa hamna daktari wala nani.

Kuhusu magonjwa, fundisha kidogo ila kwa jicho la askari

Kosa kubwa hapa ni kumleta daktari aje asome slaidi 80. Skizofrenia ina aina hizi, bipola ina hatua hizi, kemikali za ubongo ni hizi. Askari hatibu mtu. Mwambie daktari kabla hajaja: kila dalili utakayoitaja, sema kwa macho inaonekanaje na askari afanye nini tofauti.

Mfano mmoja ninaoupenda. Baadhi ya dawa za kutibu saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuamini vitu visivyokuwepo, zinaweza kumfanya mtu asitulie kabisa, mwili mzima unawasha kwa ndani, anatembea huku na huku, akikaa miguu inacheza, anasimama tena. Sasa askari anamwambia kaa chini. Anakaa sekunde tatu, anasimama. KAA CHINI! Anakaa, anasimama. Kwa askari hiyo ni dharau, kwa huyu mtu ni dawa, yaani hata ukimpa hela hawezi kukaa. Suluhisho ni nini? Mwache atembee! Tembea naye kwa mbali, ongea naye mkitembea, hamna sheria inayosema mazungumzo lazima watu wakae. Dawa hizohizo zinaweza pia kukaza misuli, shingo ikapinda upande, ulimi ukatoka nje, macho yakaelekea juu, na mwenye gwanda akadhani anakejeliwa. Huyo anahitaji kuonwa na daktari haraka.

Au anayesikia sauti. Ukimuuliza jina anachelewa kujibu, kwasababu swali lako linapanga foleni na maneno mengine yanayosikika kichwani kwake. Ukiuliza tena kwa sauti kubwa zaidi umeongeza mtu mwingine kwenye foleni. Mwenye sonona kali naye anaweza kuwa kimya, uso hauna kitu, anajibu neno moja baada ya dakika, sio kiburi. Aliye kwenye wimbi la juu la bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ni kinyume, anaongea kama mvua, anaruka toka mada hii kwenda ile, ana mipango mikubwa, hajalala siku kadhaa, na anaweza kugeuka kutoka kicheko kuwa hasira ukimkatisha vibaya.

Halafu kuna kundi la wale ambao sio wagonjwa wa akili kabisa, na hapa simama kwa muda mrefu. Sukari ikishuka mtu anayumba, anatokwa jasho, anaongea ovyo, anagoma, kila mtu anasema kalewa. Aliyetoka kwenye degedege la kifafa anazinduka kachanganyikiwa, ukimshika anaweza kukusukuma bila hata kujua. Aliyegonga kichwa, mwenye homa kali, mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anayetafuta nyumba aliyohama miaka 40 iliyopita, mwenye usonji anayeziba masikio sababu ya king'ora, kiziwi ambaye hasikii amri yako. Tangazo moja kwa darasa lote: kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mtu ambaye jana alikuwa mzima ni dharura ya hospitali mpaka daktari aseme vinginevyo.

Kuna kisa cha uwanja wa ndege wa Vancouver, Kanada, mwezi wa 10 mwaka 2007, huwa nakiweka hapa. Msafiri kutoka Poland, Robert Dziekański, alizunguka uwanjani masaa mengi, hajui Kiingereza, amechoka, hajampata mama yake aliyekuja kumpokea, mwisho akaanza kurusha vitu. Polisi wanne wakafika, na hata dakika moja haikupita tangu wamfikie akapigwa bunduki ya umeme, zaidi ya mara moja, akafa palepale. Kuna mtu alirekodi video. Sio mgonjwa wa akili. Waulize darasa: hawa wanne walikuwa wanakimbilia wapi? Waache wakae na swali. Usilijibu wewe.

Na lipeni somo hili uzito wake wa kweli, wagonjwa wengi wa akili hawana ukatili wowote, wao ndo wanaopigwa na kuibiwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa anaishi na tatizo la afya ya akili. Kwenye darasa la askari 24 piga hesabu mwenyewe, usimwangalie mtu usoni.

Waliopitia waje wenyewe

Leta watu wawili watatu ambao wameshawahi kuzidiwa na kuchukuliwa na polisi, sasa wako vizuri, na mzazi au ndugu mmoja. Sio kuja kuhojiwa kama mashahidi, waje kama walimu, walipwe kama mnavyomlipa daktari, na kabla ya siku yenyewe kaa nao mpange nini watasema na nini hawataki kuulizwa. Mama mmoja aliwahi kuliambia darasa letu, "Mimi nikiwapigia simu nakuwa nimeshashindwa kila kitu, halafu mkifika mnaniuliza kwanini nilimwacha afike hapa." Pakawa kimya, yaani kimya kweli, na askari mmoja wa mbele akavua kofia. Slaidi haiwezi kukufanyia hiyo kazi.

Kuna na lile zoezi la kusikiliza sauti, mtu anavaa hedifoni zinazonong'ona matusi na amri huku anapewa kazi ndogondogo, kujaza fomu, kujibu maswali ya afande. Limetengenezwa na Patricia Deegan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe aliambiwa ana skizofrenia akiwa bado kijana. Ni zuri ila usiliache lisimame peke yake, wengine wanatoka pale wamepata huruma na wengine wanatoka wameogopa zaidi, "kumbe wako hivi, mi siwasogelei". Likiisha tu mlete mtu anayeishi na sauti hizo na ana kazi yake na familia yake, waongee.

Sasa igizo, hapa ndo penyewe

Kama una siku tano, mbili na nusu ziende hapa. Kabla ya kitu chochote: silaha zote za kweli zitoke chumbani, risasi, bastola, dawa ya kupulizia, visu vya mfukoni, kila mtu akaguliwe na watu wawili tofauti, na akitoka chooni au mapumziko akaguliwe upya. Hakuna cha "mimi ni mkubwa najijua". Mazoezi ya polisi yameshaua watu kwa uzembe huohuo.

Tafuta waigizaji wa kweli kama bajeti inaruhusu, au manesi wa wodi ya akili, hao wanaigiza bila kuzidisha. Usiwape askari wenzao waigize, wataleta vichekesho, atakimbia chumbani anabweka watu wacheke, na kwa mzaha huo umeshafundisha kitu ambacho hukukusudia.

Kila igizo lina watu watatu. Mmoja anaongea. MMOJA. Wa pili anaangalia usalama, mikono ya yule mtu, milango, vitu vya karibu, na hafungui mdomo. Wa tatu anashughulika na ndugu na wapita njia, anawasogeza mbali, anazima king'ora na taa zinazowaka, anapunguza sauti ya redio. Wakibadilishana anayeongea waseme wazi, "kaka, mwenzangu huyu ataendelea na wewe, mimi nipo hapa". Kama mwongeaji hajaelewana na huyo mtu hamna aibu kubadilisha, saa nyingine ni sura tu imemkumbusha mtu mbaya.

Zoezi la kwanza kabisa liwe la kukaa kimya. Nasema kweli. Askari anauliza swali moja, halafu anasubiri, na wewe una saa mkononi. Wengi hawafiki sekunde nne kabla hawajauliza tena. Waambie wafike 15. Sekunde 15 za kimya mbele ya mtu anayekutazama ni ndefu kama mwezi wa mwisho wa mimba, watu wanatoka jasho, wanacheka, ila wakishazizoea wamepata silaha ambayo haihitaji leseni.

Baada ya hapo maneno. Usiwape hotuba ya kukariri ila waonyeshe mfano, kitu kama hiki:

"Habari yako dada. Mimi ni polisi, nimekuja kukusaidia. Nikuite nani?"
(kimya, subiri)
"Sawa. Naona umeogopa."
(kimya)
"Nitabaki hapahapa mlangoni pembeni, sisogei. Ukitaka nisogee nyuma niambie."

Angalia mambo yaliyofichwa humo. Sentensi fupi, wazo moja kila moja. Amejitambulisha ingawa gwanda linaonekana. Ametaja hofu bila kuuliza kwanini. Na amesimama mlangoni PEMBENI, hajaziba mlango, kwasababu mtu aliyezibiwa njia anabaki na njia moja tu, nayo inapita juu yako. Mikono iko wazi usawa wa tumbo, mwili umekaa kiupande, hamkodolei macho. Na asitaje neno "tulia", hilo neno sijawahi kuona limemtuliza mtu yeyote tangu nizaliwe, hata mke wangu.

Swali linalokuja kila darasa: akisema majirani wameweka mitambo ukutani inamchoma, nimkubalie au nimkatalie? Usifanye lolote kati ya hayo. Ukimbishia mtabishana mpaka asubuhi, ukimkubalia anaweza kukushika neno, "haya basi afande wakamate", na siku akipona atakumbuka ulimdanganya. Sema, "Mimi hiyo mitambo siioni wala siisikii, ila naona inakutesa kweli. Umelala lini mara ya mwisho?" Yaani unaacha mtambo unashika mateso. Akisema anasikia sauti, muulize zinamwambia nini, hasa kama zinamwamuru amdhuru mtu au ajidhuru, hilo unalihitaji kujua na wengi wanajibu ukiwauliza vizuri.

Na kwenye kujiua muulize wazi. "Unafikiria kujiua?" Kwa maneno hayohayo. Askari wengi wanazunguka, "hutaki kufanya kitu kibaya si ndiyo?", swali ambalo limeshajijibu lenyewe. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, mara nyingi anashusha pumzi kwa sababu hatimaye mtu kalisema. Akisema ndiyo endelea: ana njia gani, iko wapi, amepanga lini. Na asiachwe peke yake kuanzia hapo. Usimuahidi kitu usichoweza, "hutafungwa, utarudi nyumbani leo", hujui. Sema unachokijua: tunaenda hospitali, nitakaa na wewe mpaka daktari aje.

Kisu

Lazima kije, usikikwepe, maana ndicho kinachowatia wasiwasi na wana haki ya kuogopa. Kuna lile jambo la futi 21 ambalo polisi wengi duniani wamelisikia. Mwaka 1983 askari mmoja wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, kama mita 6 na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi, karibu muda uleule anaohitaji askari kuchomoa bastola na kupiga. Kwa miaka mingi hiyo ikageuzwa ikawa kama ruhusa, yuko ndani ya futi 21 basi piga. Ukiisoma kwa akili inakufundisha kitu kingine: kama unajua ana kisu umefuata nini ndani ya mita sita? Rudi nyuma. Weka gari, meza, ukuta, mlango kati yenu. Ukiwa na nafasi na kizuizi una muda, na ukiwa na muda unaweza kuongea. Igizeni hili mara nyingi, na mpongeze askari anayerudi nyuma, mbele ya wenzake, kwa sauti, kwasababu kichwani mwake kurudi nyuma ni uoga na hamna aliyewahi kumwambia tofauti.

Mfumo mmoja wa mafunzo wa namna hii unaitwa ICAT, ulitolewa 2016 Marekani, umejengwa juu ya muda, umbali na kizuizi pamoja na mazungumzo. Polisi wa Louisville, Kentucky walipofundishwa, watafiti wa chuo kikuu walipima na wakakuta matukio ya kutumia nguvu yamepungua kama asilimia 28, majeraha ya raia asilimia 26 na majeraha ya askari wenyewe asilimia 36. Hiyo namba ya mwisho ndo ya kumwonyesha mkuu anayesema mnawalegeza vijana wangu.

Ikibidi kumshika

Itatokea. Fundisha waziwazi kwamba mtu hashikwi kifudifudi na uzito mgongoni, hata kwa "dakika moja tu". Anayesema siwezi kupumua anaaminiwa hapohapo, na habari ya "mbona anaongea, angekuwa hapumui asingeongea" ni uongo uliozika watu. Akishadhibitiwa ageuzwe upande au akalishwe, mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia pumzi tu. London mwaka 2010 kijana wa miaka 23, Olaseni Lewis, alifariki baada ya kushikiliwa na polisi 11 ndani ya hospitali ya akili ambako alienda kutafuta msaada mwenyewe, na sheria iliyokuja kupitishwa 2018 kuhusu matumizi ya nguvu kwenye hospitali hizo inajulikana kwa jina lake, Seni. Na kama vitabu vyenu vya zamani bado vinataja ile "delirium ya msisimko", yaani eti mtu kachachamaa mpaka akafa mwenyewe, kama sababu ya watu kufa mikononi mwa polisi, ng'oa hizo kurasa, mwaka 2023 chama cha madaktari wa dharura cha Marekani chenyewe kilijitoa kwenye waraka wake wa 2009 uliolikubali jina hilo.

Makabidhiano na ripoti

Hapa kwa ufupi. Askari akifika hospitali aseme alichokiona, sio alichokihisi. "Kaokota chupa akaiweka shingoni, akasema atajiua, hajalala siku tatu kwa maelezo ya dada yake, dawa zake hizi hapa." Nesi anaweza kufanya kazi na hiyo. "Alikuwa kapandisha wazimu" haimsaidii mtu. Abebe dawa alizozikuta nyumbani na namba ya ndugu. Kwenye redio na ripoti maneno chizi, kichaa, mwehu yatoke kabisa, sio kwa adabu tu, neno likishaingia redioni linafika kabla yako na linamwandaa mwenzako kupigana.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye ratiba yoyote lakini linatokea kila mara: mapumziko ya siku ya pili au ya tatu kuna askari atakufuata pembeni, ataanza na "nina rafiki yangu". Mara nyingi ni yeye. Uwe na jina la mtu wa kumpeleka, mtu asiyeripoti kwa bosi wake.

Utajuaje kama yamefanya kazi

Mtihani wa maswali ya kuchagua hautakuambia kitu. Tafiti nyingi za mafunzo ya mtindo wa Memphis zinaonyesha askari wanatoka na uelewa zaidi na mtazamo mzuri zaidi, lakini kuhusu majeraha na vifo matokeo yanapishana, na mimi naamini ni kwasababu sehemu nyingi wamechukua darasa bila kuchukua yale mengine. Kwahiyo hesabu vitu vya mtaani: nguvu imetumika mara ngapi, nani kaumia, watu wamepelekwa wapi, hospitali au selo, askari kasubiri dakika ngapi mlangoni. Anza kuhesabu miezi kadhaa KABLA ya mafunzo la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Baada ya miezi sita warudishe kwa siku moja ya maigizo, ujuzi huu unapauka haraka kama nguo nyeusi juani.

Na kuna simu ambazo jibu sahihi ni polisi kutokwenda. Eugene, Oregon, kule Marekani, kuanzia 1989 na kwa zaidi ya miaka 30, mpango uitwao CAHOOTS ulikuwa unatuma mhudumu wa afya na mtaalamu wa msaada wa kisaikolojia kwenye gari, bila silaha. Kama kwenu kuna hata nesi mmoja anayeweza kukaa na wapokea simu jioni na kuongea na familia kabla gari halijatoka, mmeshapunguza safari nyingi.

Mwisho kuna yule atakayeshindwa maigizo. Yupo kila darasa, anajua majibu yote ila mwigizaji akigoma mara mbili tu mkono unaenda kwenye pingu. Mrudishe mara ya pili, ya tatu, tena na mwalimu mwingine. Akishindwa tena usimpe cheti kwa kuona haya, hata kama ana cheo, mpe kazi ya kushughulika na ndugu na wapita njia, na umwandikie mkuu wake hivyohivyo kwenye karatasi.